Mtoto wa Barazani

Webuye,
6 Januari 1992

Wifi yangu Perez,

Pokea salamu za nyumba nzima: za Dishon, za Niko, na za wale kuku wawili ulionipa, ingawa mmoja tayari ameishia kwenye sufuria. Tulifika salama. Basi lilituweka pale Mamboleo mpaka Niko akamaliza mayai yote ya safari, na kufika Kakamega tumbo likaanza kumdai. Dishon amerudi kiwandani na shingo iliyoungua kwa jua, na wenzake sasa wanamwita mtalii. Anajifanya hapendi.

Mwambie Mama nashukuru sana. Nilipoolewa na kaka yako niliambiwa mambo mengi juu ya Wajaluo, lakini hakuna aliyeniambia kwamba familia nzima, kuanzia nyanya mpaka wajukuu wanaotambaa, inaweza kuhama na masufuria yake ikakae ufukweni juma zima bila msiba wala harusi. Kwetu watu wakikusanyika hivyo, jirani huja kuuliza ni nani amekufa. Na nyumba ile ya marehemu Kartar ni nzuri, na upepo wake, na vile watoto walivyokuwa wanatoka majini wakila kama wachimba mitaro. Ni wewe tu uliyenishangaza. Juma zima hukutoka jikoni. Mtu anatoka Kisumu mpaka ng'ambo ya Bondo, anafika ziwani, halafu halowanishi hata kidole cha mguu. Mimi na Milka tulikucheka, utusamehe.

Sasa, lililonifanya nishike kalamu. Nilipofungua begi nilikuta kaptula ya mtoto ambayo si ya Niko. Ni ya yule mtoto wa shemeji Walter na Milka, yule aliyekataa kuingia ndani, akawa analala barazani. Kila nilipomwona alikuwa amelowa, basi siku ya mwisho nikamvua hiyo, nikamvisha ya Niko ya buluu, yake nikaianika. Kwa haraka ya kufunga mizigo nikaibeba. Kwa kuwa Milka yuko karibu nawe, mwulize kama niitume kwa basi, na ile ya Niko nayo irudi, maana shule zinafunguliwa na hana nyingine.

Mtoto mpole yule. Lakini mwambie Milka amtazame kifua, kwa vile anavyolala nje.

Ni mimi wifi yako,
Nakhungu


Manyatta, Kisumu,
27 Januari 1992

Mama Niko,

Barua yako ilinikuta na nguo za shule mpaka shingoni. Januari watu wote wa Manyatta hukumbuka siku moja kwamba watoto wao wamekua. Cherehani hailali, na mguu wangu wa kulia umevimba kwa kukanyaga. Mama hajambo, isipokuwa macho; jana alimsalimia mbuzi wa jirani kwa heshima zote. Anasema likizo ile imemrudishia miaka. Ziwa nalo limeletewa mgeni, yale majani ya maua ya zambarau yanayoelea. Asubuhi unayaona huku, jioni yamehamia kule.

Kuhusu kaptula. Milka anasema si ya mtoto wake. Anasema yule wa barazani alidhani ni wako, kwa kuwa alikuwa hatoki karibu na Niko, na ni wewe uliyekuwa ukimwogesha. Atakuwa mtoto wa wavuvi wa pale, wifi. Watoto wa pale wakinusa ugali wa watu wa mjini wanajiunga. Kwetu unajua hatuhesabu watoto, na hata kwenu sidhani mnahesabu. Anayekaa penye sahani, anapakuliwa. Usijisumbue.

Hata hivyo usiitume kwa Milka. Itume kwangu. Na usiifue.

Niambie pia kitu kimoja kidogo, ni mambo ya ufundi tu. Kile kifungo cha kaptula kimeshonewa uzi wa rangi gani?

Wasalimie wote,
Perez


Webuye,
8 Machi 1992

Wifi Perez,

Natumaini mguu umepona na Mama hajasalimia ng'ombe. Huku mvua imetuchelewea na mahindi bado yako kwenye gunia yakingoja. Dishon amewekwa zamu ya usiku, kwa hiyo mchana nyumba hii hatupumui, tunatembea kwa vidole.

Nisamehe kwa kukawia kujibu. Nilikuwa natazama jambo kwanza, nione kama litajiondokea lenyewe.

Tangu turudi, Niko halali ndani. Namlaza kitandani, asubuhi namkuta barazani, amejifunika ile leso yangu niliyokuwa nimemfunika yule mtoto. Na leso imelowa. Nilidhani amerudia kukojoa, nikainusa. Si mkojo, wifi. Ni harufu ile ya mawe ya ziwani. Wewe unajua kutoka hapa hadi ziwani ni mwendo gani. Wakati wa kula anaacha nusu ya ugali pembeni ya sahani. Nikimwuliza anasema ni ya mwenzake. Nikifunga mlango jioni ananiambia, "Mama, usifunge, yeye hajui kubisha."

Nikaanza kufikiria vizuri. Mtoto wa wavuvi Mama angemjulia wapi? Maana Mama alikuwa akimwita kwa jina. Nilisikia kwa masikio yangu, amekaa pale barazani na sahani ya dagaa wa omena, anaita, "Ogola, bi ichiem," na mtoto anakuja anakula mkononi mwake. Kijaluo changu ni kibovu lakini kuitiwa chakula nakuelewa. Kuna lingine pia. Kila nilipotoka jikoni yule mtoto aliniuliza, "Yule wa ndani anatoka?" Nikamwambia yule ana kazi, hatoki. Nilidhani anakuogopa wewe na mwiko wako wa ugali.

Nilimwuliza Dishon Ogola ni nani. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe, akavaa viatu, akaenda kazini kabla ya saa yake. Mume wangu hajawahi kwenda kazini kabla ya saa yake.

Nyinyi mnajua kitu. Niambie, dada yangu, kwa sababu anayelala barazani ni mwanangu.

Uzi ni mwekundu.

Nakhungu


Kisumu,
2 Mei 1992

Mama Niko,

Salamu. Tuko wazima. Mvua imefika, Manyatta ni tope tupu, wateja wanaingia na nusu ya barabara miguuni.

Mama anataka twende tena ufukweni Agosti, watu wote kama Desemba. Walter amekubali, nami nitazungumza na wenye nyumba. Tafadhali njoo na Niko. Hata Dishon akikosa ruhusa, wewe njoo na Niko.

Nimekutumia kaptula mbili za kaki. Moja ni ya Niko, nimekadiria kwa macho. Ile nyingine vifungo vyake ni vya uzi mwekundu. Ukimwona mwenyewe, mpe.

Perez


Webuye,
14 Mei 1992

Perez,

Sisi wazima, isipokuwa mmoja, na huyo unamjua.

Kaptula zilifika. Niliziweka mezani, Dishon akaamka, akaziona, akaigeuza ile ya pili akatazama vifungo. Kisha akakaa chini, kwenye sakafu, mtu mzima na mwili ule wote. Nikapata yote siku hiyo. Kwa hiyo wewe usiseme kama hutaki, nitasema mimi, halafu unirekebishe nikikosea.

Ulikuwa na mtoto. Alizaliwa barazani kwa sababu hukuwahi kufika ndani, ndiyo maana mkamwita Ogola. Agosti ya mwaka wa themanini na tatu, mimi nikiwa bado kwa baba yangu, mlikwenda likizo nyumba hiyohiyo ya Kartar, nyanya, wana na wajukuu. Siku ya kurudi mlikuwa na pikapu ya Walter na lori la kukodi. Watoto wakapanda huku na huku, wakilaliana kama magunia. Wewe ukiwa kwenye lori na Mama ulijua Ogola yuko kwa Walter. Walter alijua yuko kwako. Hakuna aliyehesabu, kwa kuwa watoto hawahesabiwi. Mkafika Kisumu jioni ndipo mkatazamana. Mliporudi kulipokucha mlikuta shati lake barazani, na nyayo zake zikielekea majini, na maji hayakurudisha chochote. Mkazika tunda refu la mti wa yago badala yake, kama mnavyofanya nyinyi kwa mtu asiyepatikana, mkalilaza kaburini na kulilia kama mtoto. Ndoa yako ikaishia hapo. Na jina mkaliacha huko.

Nilimlilia, Perez. Nataka ujue hilo kabla hujasoma linalofuata. Nililia mpaka Niko akaja kunifuta machozi, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Sasa linalofuata. Ulikuwa umekwisha kujua tangu Januari. Uliponiuliza rangi ya uzi ulikuwa unajua. Nami nikakuandikia kwamba mwanangu analala nje na leso imelowa, na jibu lako likawa nimlete ziwani. Hukuniuliza hata kama anakula. Mvuvi huweka samaki mdogo kwenye ndoana ili apate mkubwa. Mimi Niko wangu si chambo.

Hatuji Agosti. Usimtume Walter, usimtume Mama.

Nakhungu


Manyatta, Kisumu,
20 Juni 1992

Nakhungu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuitumia kukatia ruwaza za kola. Leo naituma hivyohivyo.

Mama hajambo. Milka hajambo. Mimi sijui nilivyo.

Hujakosea popote. Uzi mwekundu nilikuwa natia kwenye nguo zake kwa sababu nilishona sare za nusu ya watoto wa mtaa, na sikutaka yake ichanganyike na za wengine. Mtu wa kuweka alama kwenye nguo, nisiweke alama kwenye mtoto.

Ndiyo, nilitaka umlete Niko. Sitakudanganya. Nilipokuwa nasoma barua yako ya Machi sikumwona Niko hata kidogo. Niliona tu kwamba kuna mlango, na mtoto wako amesimama hapo ameushikilia. Kama ungekuwa hapa ningepiga magoti uje naye. Nilikuwa na wivu, Nakhungu. Bado ninao. Wewe ulimwogesha. Milka alimpa mandazi. Mama, asiyeona vizuri, alimjua na kumlisha kwa mkono wake, na hakuniambia, kwa kuwa sisi sote tulikubaliana kutotaja. Mimi peke yangu ndiye niliyekaa ndani. Niliapa kutokanyaga mchanga ule, basi nikakaa nakoroga. Juma zima mwiko mmoja niliushika mimi, na ule mwingine ukanishika mimi. Yeye haingii ndani, mimi sitoki nje. Ukuta tu ulikuwa katikati yetu, na alikuwa akiuliza kama ninatoka, nawe ukamjibu kwamba nina kazi.

Sikulaumu. Mtu angeniuliza, mimi mwenyewe ningejibu hivyo.

Nilikwenda dukani kwa Jaswinder, mkwe wa marehemu Kartar, kuomba ufunguo wa Agosti. Yule mama anapenda kupiga bei, lakini safari hii hakupiga. Akaniambia, "Ile nyumba chukua tu, mama. Lakini baraza mimi nasema wazi kabisa, hapana kauka. Sementi mpya tumeweka, tena tumeweka, jua kali, hapana kauka. Kama mtu nakaa pale na nguo ya maji." Alisema kama mtu anayeomba radhi kwa paa linalovuja.

Niambie Niko yukoje. Naanza kuuliza sasa, nimechelewa.

Na nikuombe moja, na ukikataa nitaelewa. Niambie mgongo wake ulikuwaje. Ulipomwogesha.

Perez


Webuye,
19 Julai 1992

Dada Perez,

Sina salamu ndefu. Mahindi yametoka, Dishon yuko salama, Mungu anatutazama.

Niko amekonda. Mwalimu wake ameniita, anasema darasani hukaa ameelekea dirishani na akiulizwa hujibu kwa Kijaluo, na Kijaluo hicho mimi sijamfundisha na baba yake haongei naye. Juzi alikosekana. Tulimtafuta sokoni, kwa majirani, mwisho mwanamke mmoja aliyekuwa anachota mchanga akatuambia kuna mtoto amesimama chini kule mto Nzoia. Nilimkuta maji yamemfika magotini. Hakuwa anacheza. Amesimama tu, mikono imeshuka. Unajua mto huu unakwenda wapi, Perez. Unamwagikia ziwani kwenu.

Nikamwuliza, unafanya nini? Akasema, "Tunangoja gari. Walisema liko nyuma, linakuja." Nikamwambia hakuna gari. Akaniangalia kwa huruma, mtoto wa miaka saba, akasema, "Mama, huyu amengoja sana. Nikiwa naye hachoki." Halafu njiani, nimembeba mgongoni, akaniambia kwamba mwenzake alimweleza vile alivyoweza kuingia kati yetu Desemba. Kwamba watu wetu hawahesabu, kwa hiyo mmoja akizidi hakuna anayejua. Na mmoja akipungua.

Nimemfunga Niko mkono kwa mkono wangu kwa kitambaa wakati wa kulala. Asubuhi kitambaa kimefunguka na yeye yuko barazani. Sina tena la kufanya. Mchungaji ameomba. Daktari ametoa dawa ya minyoo.

Sasa nakujibu ulichoniuliza, si kwa sababu nimekusamehe yote, ila kwa sababu mimi pia ni mama. Mgongo wake ni mwembamba, mifupa ya mabega inatokeza akiinama. Ana alama ya kuungua chini ya bega la kushoto, ndogo, imekaa kama punje ya mahindi. Sabuni ikimkaribia masikio anacheka na kupandisha mabega. Nilimmwagia maji ya moto yaliyochanganywa, akasema ni matamu. Nilidhani anajifunza Kiswahili ndiyo maana kasema hivyo. Niliporudi na taulo alikuwa ameninyoshea mikono.

Dishon anakuja kwa Mama mwisho wa mwezi. Nimempa ile kaptula niliyoibeba Desemba. Sijaifua.

Mwanao hamngoji Niko. Hajawahi kumngoja Niko. Mwambie mwanao lolote unalojua kumwambia, lakini mwambie wewe.

Nakhungu


Manyatta, Kisumu,
16 Agosti 1992

Mama Niko, dada yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa na mguu juu ya kigoda. Mama amekula vizuri leo. Walter amekasirika kwamba nimefuta likizo ya watu wote. Nilimwambia likizo ya safari hii ni ya mtu mmoja, akaacha kubisha mara moja, na mwanaume yule kubisha ndiyo kazi yake ya pili.

Alama ile ya bega ni pasi yangu ya makaa. Alikuwa anatambaa. Hakuna aliyeijua isipokuwa mimi na baba yake.

Nilikwenda Jumapili iliyopita, peke yangu, na samaki mmoja, unga, sufuria na ile kaptula. Nilifika wakati wanawake wa pale wanaanika omena, jua la kupasua kichwa. Mchanga ulikuwa mweupe, kila kitu kikavu. Baraza ilikuwa na maji. Si mengi, kama vile mtu amekaa hapo kwa muda na nguo mbichi kisha akainuka.

Sikuingia ndani. Nilipanga mawe matatu nje, nikapika nje, nikiwa nimeliangalia ziwa kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule. Nilikuwa naogopa, Nakhungu. Unga niliumwaga nusu nje ya sufuria. Nikapakua sahani mbili nikaziweka barazani, kaptula nikaikunja nikaiweka kando ya sahani yake. Kisha nikakaa kwenye ngazi, nikaupa mlango uso, ziwa nikalipa mgongo, macho nikayafumba. Sikutaka kumwona kama hataki kuonwa. Mtoto uliyemwacha huwezi kumwamrisha.

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Kumwomba msamaha, kumweleza la pikapu na la lori. Yote yaliniisha. Nilichokuwa nacho ni kitu kimoja tu, kile ambacho hatukufanya. Nikaogopa pia kukifanya, kwa sababu nyanya zetu hawakukataza bure, na ukiwahesabu watoto unawaonyesha kidole mbele ya kitu kisichofaa kuwaona. Niko wako, watoto wa Milka, sikutaka hata mmoja wao awe mdomoni mwangu. Basi nikahesabu wangu tu.

Nikasema, "Achiel."

Mmoja. Hesabu yangu iliishia hapo, sina wa kufuata.

Upepo ulikuwa umekata. Wanawake wa omena walikuwa wanacheka huko chini, nakumbuka mmoja akimtukana kunguru. Halafu mgongo wangu ukalowa. Kwanza mabega, kisha katikati, kisha uzito, vile mtoto anavyojitupa mgongoni mwa mama yake akitaka kubebwa. Gauni lote lilishika maji. Nilipeleka mikono nyuma na kuifungia hapo kama ninavyojua, nikakaa hivyo. Sikugeuka. Sijui nilikaa kwa muda gani, samaki alikuwa amepoa.

Nilipoinuka sahani yake ilikuwa tupu. Kaptula yake haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ile ya Niko ya buluu, imekunjwa ovyo, vile wanavyokunja wao wenyewe. Ni hiyo niliyofunga humu. Nimeifua mara mbili, harufu imepungua.

Nikatembea mpaka barabarani na gauni lililolowa, mwendo wa mtu aliyebeba. Basi la Bondo liliposimama nilihesabu kwanza kabla ya kupanda. Kondakta, kijana tu, akanitazama akaniuliza, "Mathe, huyo mtoto utampakata ama atakaa kiti chake?" Nikamwambia nitampakata. Akapiga ubavu wa basi tukaondoka.

Kwa hiyo usimfunge Niko mkono tena. Mlaze, ufunge mlango wako kwa komeo, ulale.

Na kitu kimoja, usinielewe vibaya. Usije Manyatta na Niko kwa sasa. Unajua ninavyopenda kuwaona. Lakini watoto wakizoeana kuwatenganisha ni kazi, na baraza yangu ina mtu. Mama alikuja jana, akasimama mlangoni na macho yake yale, akaniambia, "Perez, mfunike huyu, kuna umande." Akapita akaingia ndani kunywa chai.

Kabla ya kulala natoka nje, nahesabu. Kisha narudi ndani.

Wako,
Perez


Webuye,
30 Agosti 1992

Dada Perez,

Sisi wazima, na safari hii naandika bila kumbakiza mtu. Niko anakula sahani nzima na kudai ya baba yake. Kijaluo kimemtoka chote, mwalimu ananiuliza nimempa dawa gani. Ile Jumapili uliyokuwa ziwani alikuwa anacheza mpira, akausimamisha chini ya mguu, akatazama upande wa barabara ya Kisumu, akasema, "Gari limekuja." Kisha akaupiga mpira. Hajamtaja tena.

Nimefunga mlango kwa komeo kama ulivyosema. Lakini nilikaa macho, wifi, nikifikiria kile kifua chake, na mvua za Kisumu zinavyokuja kutoka ziwani bila kuuliza mtu.

Humu kuna leso mbili. Ile ya maua ni ile aliyojifunika Desemba, ni yake. Hii nyingine ni mpya. Ni ya kubadilisha, ya kwanza ikilowa.

Nakhungu